Kwamboka Wawili

Tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, Naftali Temu, Mkenya wa Gusii, alikuwa amebakiza mtu mmoja tu wa kumpita. Mbio za mita 10,000 zilikuwa zimefika mzunguko wa mwisho. Jiji lile liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi ilikuwa imewalegeza wengi waliotarajiwa kushinda. Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, alimaliza wa sita akaanguka, ikabidi apewe oksijeni. Mbele ya Temu alibaki Mamo Wolde wa Ethiopia. Temu akamfikia, akampita katika mita za mwisho, na saa ikasoma dakika 29 na sekunde 27.4. Kenya ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki. Ya kwanza ilitoka katika vilima vya Gusii.

Mwezi mmoja baadaye, Novemba 1968, mashindano ya Miss World yalifanyika London, na mwakilishi wa Kenya aliitwa Josephine Moikobu. Jina la Moikobu halihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kisii au Nyamira. Ni jina la nyumbani.

Nimezitazama tarehe hizi mbili kwa muda mrefu, nikishangaa kwamba hazisimuliwi pamoja. Katika majuma machache, majina mawili ya Kigusii yalipanda mbele ya macho ya dunia. Temu aliulizwa ana pumzi kiasi gani. Moikobu aliulizwa anaonekanaje. Ilipita miaka 35 kabla ya waandaaji wa Miss World kumuuliza mrembo, kwa saa ya kupimia mbio na kwa utepe wa mita, swali lile aliloulizwa Temu. Walipoanza kuliuliza, lilipokelewa kama jambo jipya. Kwa mtu aliyekulia kati ya Manga na Kiabonyoru, jambo lenyewe lilikuwa la zamani mno.

Anayepanda genge la Manga asubuhi, mji wa Kisii ukiwa chini yake ndani ya ukungu, anaelewa haraka kwamba hapa hakuna mwili uliozaliwa kukaa kitako. Ardhi haijui tambarare. Chemchemi iko bondeni, nyumba iko mgongoni mwa kilima, shamba liko upande wa pili, na soko liko mbali kuliko vyote. Mvua haina msimu wa kupumzika, kwa hiyo njia ni utelezi karibu mwaka mzima. Kwenda na kurudi tu ni zoezi, na kwa vizazi vingi waliolifanya mara nyingi zaidi kwa siku, tena wakiwa na mzigo, ni wanawake na wasichana.

Mwanamke wa Kigusii aliyeolewa kwa taratibu zote, ng'ombe wakatolewa na sherehe ikatimizwa, alivishwa pete za chuma miguuni zinazoitwa ebitinge. Hilo ndilo lililokuwa pambo lake kuu, na hakulivaa kwa saa moja jukwaani. Alilima nalo, alipanda nalo mlima, alivuka nalo mto. Wamisionari walipofika, Wakatoliki Nyabururu na Waadventista Nyanchwa, walilitazama pambo hilo kama alama ya upagani, na polepole likatoweka miguuni mwa waumini. Sitaki kuipamba zamani kupita kiasi. Mwanamke yule alikuwa na mizigo mingi ambayo hakuichagua, na urembo wake ulihesabiwa pia kwa mifugo. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba misuli ya miguu inaharibu sura.

Nguvu ya mwanamke haikuishia shambani pia. Waingereza walipokuwa wanaisaga Gusii, sauti iliyowasha moto ilikuwa ya mwanamke, Moraa Ng'iti wa Kitutu, mwonaji na mganga. Aliwashutumu vijana kwa kukaa wakitazama ardhi ikichukuliwa, na mnamo Januari 1908 Otenyo Nyamaterere akamchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa kikoloni. Kisasi cha Waingereza kilikuwa kikali, vijiji vikachomwa na mifugo ikatekwa. Nalitaja hili kwa kupita, ila mwandishi anayetafuta chimbuko la ujasiri wa mabinti wa Gusii asianzie kwenye viatu virefu.

Huko ng'ambo, mwili wa mwanamke ulikuwa unagawanywa vipande viwili. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Magazeti yakapiga kelele kwamba wamechoka vibaya, kana kwamba wanaume hawachoki, na mbio hizo zikaondolewa hadi 1960. Mwaka 1951, Eric Morley akaanzisha London mashindano ya mavazi ya kuogelea kama sehemu ya sherehe za kitaifa za Uingereza. Kiki Håkansson wa Sweden akavishwa taji akiwa amevaa bikini, na Miss World ikazaliwa. Mwaka uliofuata Marekani ikaanzisha Miss Universe, nayo ikiwa na kampuni ya mavazi ya kuogelea nyuma yake. Mwili mmoja ukaambiwa usikimbie mbali kwa sababu ni dhaifu. Mwili huohuo ukaambiwa usimame, ugeuke, upimwe kifua, kiuno na nyonga. Naamini maamuzi hayo mawili yalitoka kichwa kimoja.

Ndiyo maana mwaka 1968 unanigusa. Temu aliposhinda, hapakuwa na mita 10,000 za wanawake, wala 5,000, wala marathoni. Mbio ndefu kuliko zote walizoruhusiwa zilikuwa mita 800. Kenya ilipeleka Mexico wanariadha wanawake kwa mara ya kwanza, watatu tu: Lydia Stephen, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Hata kama siku ile Gusii ingekuwa na msichana mwenye mapafu ya Temu, dunia haikuwa na uwanja wa kumpa. Ilikuwa na jukwaa.

Wanaume walikuwa na uwanja, na waliutumia. Kabla ya Temu alikuwepo Nyandika Maiyoro, ambaye Julai 1954 alisimama katika uwanja wa White City, London, akamaliza wa tatu katika mbio za maili tatu, nyuma ya Freddie Green na Chris Chataway waliovunja rekodi ya dunia siku hiyo. Wachambuzi wa Uingereza walikuwa bado wanadhani kwamba Mwafrika hawezi mbio ndefu. Maiyoro akawa wa nne Vancouver mwaka huohuo, wa saba Melbourne 1956, wa sita Roma 1960. Hakurudi na medali ya Olimpiki, lakini mlango aliufungua yeye. Munich 1972, Kenya ilipotwaa dhahabu ya mita 400 kwa wanne kupokezana vijiti, watatu kati ya wanne walikuwa Wagusii: Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko. Kijiti cha mwisho alikishika Julius Sang wa Nandi, mume wa Tecla Chemabwai. Mwaka 1991 Yobes Ondieki akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Tokyo, na Julai 1993, Oslo, akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, kwa dakika 26 na sekunde 58.38. Nikiyataja majina haya katika makala ya wanawake na urembo, nataka msomaji ahesabu nani hayumo.

Hayumo dada yake Ondieki, hayumo binti wa jirani yake Temu. Wengi wao walikuwa njiani na mtungi.

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu sehemu hii haizungumzwi inavyostahili. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya na kundi ambalo Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia Mkenya, alikuwa miongoni mwake. Waliwaweka wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu kwenye mashine ya kutembelea, wakawafunika pua na mdomo kwa barakoa ya kupima hewa, wakawaongezea mzigo hatua kwa hatua. Waluo walibeba kichwani, Wakikuyu kwa mkanda wa kupita kwenye paji la uso. Watafiti walitarajia kwamba kila kilo inayoongezwa itadai oksijeni zaidi, kama inavyokuwa kwa askari mwenye shanta. Haikuwa hivyo. Wanawake wale walibeba mzigo uliofikia moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulionyesha siri iko kwenye mwendo: mwili wa mbebaji huenda kama timazi, ukihifadhi nguvu ya hatua moja na kuirudisha kwenye hatua inayofuata.

Waluo ni majirani zetu wa ukingo wa ziwa, na yeyote aliyewahi kuamka alfajiri katika barabara ya Suneka au Keroka siku ya soko ameona mwendo huo kwa wanawake wa Kigusii pia. Ngata ya majani ya mgomba iko kichwani, mkungu wa ndizi juu yake, shingo imesimama, mabega hayatikisiki, na kiuno kinafanya kazi yote kimyakimya. Walimu wa urembo huwafundisha wasichana kutembea wakiwa na vitabu kichwani ili shingo inyooke. Jukwaani mwendo huo huitwa madaha. Barabarani hauna jina, wala hakuna jaji anayeutolea alama, ingawa maabara ya sayansi imethibitisha kwamba ni ufundi wa hali ya juu.

Sisemi kubeba maji ni fahari. Msichana anayepoteza saa mbili kila siku bondeni ameibiwa saa mbili za daftari, na kila bomba linalofika kijijini ni ushindi ninaoushangilia kwa moyo wote. Ninachosema ni kwamba nguvu ile ilikuwepo, ilionekana, na kwa miaka mingi hakuna mtu mwenye filimbi shingoni aliyesimama kando ya njia akasema: huyu mtoto anaweza kukimbia.

Miss World yenyewe ilikuwa inabadilika polepole, na mara nyingi kwa kusukumwa. Mwaka 1970 wanawake waandamanaji waliingia Royal Albert Hall wakarusha unga na vipeperushi matangazo yakiwa hewani, wakipinga wanawake kupangwa kama mifugo ya mnadani. Usiku huohuo Jennifer Hosten wa Grenada akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo. Afrika nyeusi ilisubiri hadi 2001, Agbani Darego wa Nigeria aliposhinda. Eric Morley alipofariki mwaka 2000, mkewe Julia alishika usukani. Yeye ndiye aliyekuwa ameanzisha mpango wa mashindano hayo wa kazi za hisani miaka ya 1970, na chini yake, mwaka 2003, Sanya nchini China, zikaingia hatua za kufuzu mapema. Mshindi wa kipaji alipita moja kwa moja, mshindi wa mavazi ya ufukweni akapita, na mshindi wa michezo akapita.

Jaribio hilo la michezo limebadilika umbo mwaka hadi mwaka, lakini kiini chake ni kilekile. Warembo wanavua viatu virefu, wanavaa fulana za timu, wanakimbia mbio fupi, wanakimbia kwenda na kurudi kati ya mistari hadi pumzi ikatike, wanaruka na kutupa. Anayeibuka wa kwanza anaingia hatua ya juu bila kusubiri maoni ya jaji yeyote kuhusu sura yake. Mwishoni mwa 2014 Miss World ikatangaza kwamba inaachana na mavazi ya kuogelea kabisa. Jaribio la michezo likabaki. Mei 2025, Hyderabad nchini India, lilishindwa na Eliise Randmaa wa Estonia.

Waswahili wana neno kuhusu uzuri wa mkakasi, kwamba ukipata maji basi. Miaka hamsini ya kwanza mashindano haya yaliulinda mkakasi usiloe. Jaribio la michezo ndiyo siku waandaaji walipokubali kuumwagia maji wenyewe, hadharani, jasho likashuka juu ya uso uliopakwa rangi na kamera zikiwaka. Kuna wanaoliona kama mapambo ya televisheni tu. Mimi naliheshimu kwa sababu moja: saa haina upendeleo. Jaji anaweza kupenda pua hii akachukia ile, anaweza kuwa na rangi ya ngozi anayoizoea, lakini sekunde 14 ni sekunde 14 kwa binti wa Tallinn na kwa binti wa Nyamira.

Kenya imeonyesha kwamba inaweza kufika mbali kwenye jukwaa lile. Evelyn Njambi aliingia tano bora mwaka 2016 na kutajwa malkia wa bara la Afrika, na Magline Jeruto akafanya vivyo hivyo 2017. Kwetu, baada ya kaunti kuzaliwa mwaka 2013, mashindano ya urembo yakaanza kuvaa majina ya kaunti, na vyuo vya mji wa Kisii vikawa na usiku wao wa kutafuta Mr na Miss. Ni usiku wa taa, muziki na kelele za kumbi zilizojaa. Muziki ukinyamaza kidogo huwa nawaza ingekuwaje kama majaji wangewapeleka wote Uwanja wa Gusii asubuhi yake, kabla timu ya Shabana haijaanza mazoezi, wakawapa mita 800.

Sasa niwataje Kwamboka wawili. Jina Kwamboka linatokana na kuvuka, kama mtu avukavyo mto, na katika Gusii ni jina la kawaida kiasi kwamba ukiliita sokoni Daraja Mbili watageuka wengi. Kwamboka wa kwanza ni Grace Kwamboka Momanyi. Oktoba 2010, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Delhi, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 32 na sekunde 34.11 na kutwaa dhahabu. Nyuma yake alikuwa Mkenya mwenzake Doris Changeywo, na wa tatu Kavita Raut wa India, uwanja mzima ukimshangilia mwenyeji. Ni umbali uleule wa Temu. Katika Olimpiki wanawake waliruhusiwa kuukimbia mwaka 1988 tu, Seoul, miaka 20 baada ya Mexico. Kati ya dhahabu ya Temu na dhahabu ya Momanyi imepita miaka 42, na kwa hesabu yangu karibu nusu ya miaka hiyo haikupotezwa na uvivu wa mtu yeyote wa Gusii. Ilipotezwa na watu waliokaa mezani mbali sana wakiamua mwanamke aishie mita ngapi.

Nakumbuka nilivyosikia matokeo yale. Redioni jina lilitamkwa vibaya, lakini lilitamkwa. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akimenya maharagwe, aliuliza mara mbili kama ni msichana kweli au ni mvulana aliyeandikwa kimakosa. Alipohakikishiwa, aliweka ungo chini akanyanyuka, akapiga vigelegele mpaka watoto wakaja kuona nani ameolewa.

Kwamboka wa pili ni Chantou Kwamboka, aliyeiwakilisha Kenya katika Miss World ya 71. Mashindano hayo yalifunguliwa jijini Delhi Februari 2024 na kumalizika Mumbai tarehe 9 Machi, Krystyna Pyszková wa Jamhuri ya Cheki akivishwa taji. Jiji lilelile ambalo Kwamboka mmoja aliingia akiwa na viatu vya miiba, mwingine aliingia akiwa na utepe wa Kenya begani. Na katika safari hiyo ya pili, warembo wa mataifa yote walikuwa na siku yao ya michezo, kama ilivyo desturi tangu 2003. Yule Moikobu wa 1968 hakuwa na siku kama hiyo. Hakuna aliyemwambia avue viatu akimbie.

Naipenda sadfa hii ya Delhi, lakini sitaki inidanganye. Msichana wa Nyamira anayetaka kuwa Momanyi, au anayetaka kuwa mrembo asiyeogopa jaribio la michezo, bado anahitaji vitu vya kawaida sana: viatu, uji asubuhi, mwalimu anayejua kushika saa, na mzazi asiyesema mbio zitamfanya akose mume. Uwanja wa Gusii ulikarabatiwa, na Oktoba 2020 ukapokea sherehe za kitaifa za Mashujaa. Lakini viwanja vya shule vijijini ni mteremko na matope. Msichana akibalehe, wengi huacha kukimbia kwa aibu ya kaptura, huku wakiambiwa papo hapo kwamba gauni la jukwaani ni heshima. Mgawanyo ule wa 1928 na 1951 haujatoka vichwani mwetu, na umevaa sura ya adabu ya nyumbani ilhali uliletwa kwa meli.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye kituo cha kununulia chai, upande wa Kebirigo, saa za mchana. Mvua ilikuwa inajikusanya juu ya kilima na lori la kiwanda lilikuwa limeshawasha injini. Wachumaji walikuwa wamepanga foleni ya vikapu mbele ya mizani. Mara wakatokea wasichana wawili kutoka juu ya mteremko, wa umri wa kidato cha pili hivi, kila mmoja na kikapu mgongoni kimejaa majani mabichi. Walikuwa wakishuka kwa kasi, miguu mitupu ikichagua mawe bila macho kutazama chini. Wa mbele alikuwa mrefu, shingo imenyooka, na alikuwa anacheka. Watu kwenye foleni wakaanza kuwashangilia kama walioko uwanjani. Alifika, akatua kikapu, akapangusa uso kwa upindo wa leso. Karani akapima, akasoma kilo 17, akaandika. Mwenzake akapima kilo 15. Mvua ilianza kudondoka. Mrefu akakigeuza kikapu kitupu, akakifunika kichwani kama kofia, akamwambia mwenzake kwa Kigusii kwamba wa mwisho kufika nyumbani ndiye atakayeosha vyombo, na wote wawili wakaanza kupanda mlima mbio.